Ukuta wa Tairi Mtoni Palmiet

Spès alikuwa na pua isiyompa raha. Akialikwa chakula Overport au Pinetown, huko Durban, alinusa kijiko kabla hajakitia mdomoni, na mwenye nyumba alijifanya haoni. Kikombe alikisuuza hata kama kilikuwa kimeoshwa mbele ya macho yake. Wakongomani wenzake, watu wa maneno wale, walimwita Mama Dégoût, yaani Mama Kinyaa, lakini hilo lilikuwa jina la kisogoni. Usoni alikuwa Mama Gracieuse, kwa jina la binti yake wa pekee.

Alizaliwa Uvira, kwa mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Alikua huku ndagala wakianikwa mchangani nje ya mlango, na harufu ile haikuwahi kumchefua. Samaki aliyekauka juani, alisema, amekufa akaisha, hana la kuficha. Kilichomtia kinyaa ni kitu kinachooza huku kimefunikwa kitambaa kizuri. Mumewe alikufa kwa homa njiani, Zambia, naye akaingia Durban mwaka 2009 na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Akasuka nywele Overport miaka kadhaa, mpaka moshi wa nywele bandia zinazochomwa ncha ukamshinda. Ndipo aliposikia kwamba wakazi wa Westville wamechangishana na wanatafuta watu wa kusafisha mto Palmiet.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Kinyaa huyo huyo, aingie mtoni kuzoa uchafu? Alijibu kwamba saluni alikuwa akinusa uvundo na kutakiwa atabasamu, na mtoni angalau angenuna kwa raha zake.

Basi akanuna. Mto ule unashuka kutoka upande wa viwanda vya Pinetown, unapita nyuma ya nyumba za watu wenye nafasi zao huko Westville, na kila aupitiaye anautemea kitu. Spès alivaa gumbuti na glovu ndefu, akatoa pampasi zilizovimba, kondomu, matumbo ya kuku, mbwa aliyefungwa kwenye kiroba cha mchele, na siku moja meno ya bandia ndani ya kopo safi kabisa. Chemba ya maji taka ikifurika huko juu, povu la kijivu liliteremka na kukaa kwenye mawe. Kuna siku maji yalikuja ya bluu, na wote walijua rangi hiyo haitoki mbinguni. Alizoa huku akitukana kwa Kifuliiru, lugha ya mama yake, kwa sababu kwenye kikosi chao hakuna aliyeijua.

Aliyemfanya azoee ni Atupele, msichana wa Kitanzania kutoka Tukuyu, mwanafunzi wa chuo kikuu, kampasi ya Westville, aliyekuwa akisoma habari za samaki wa mto huo. Alifunga vipimajoto vidogo kwenye mizizi ya miti, akavisoma kila wiki kama mama anayemshika mwanawe paji la uso. Spès mara ya kwanza alimwona hana akili. Samaki gani wa kuishi katika makamasi haya?

Lakini walikuwamo. Mmoja ana magamba makubwa yenye rangi ya shaba, na watu wa Durban humwita skeli kwa sababu ya magamba hayo. Atupele alimweleza Spès kwamba samaki huyu mvua za kwanza zikinyesha hupanda mto kutafuta changarawe safi ya kutagia, na kwamba hawezi joto. Maji yakichemka kwa jua hupungukiwa hewa, naye hukimbilia juu kwenye madimbwi marefu yenye kivuli. Miaka hii joto linaongezeka na mvua zinachelewa, kwa hiyo kinachomwokoa ni mambo mawili tu: njia ya kupanda na kivuli cha kufikia.

Njia ilikuwa imefungwa na kizuizi cha zege cha zamani ambacho hakuna aliyekumbuka kilijengwa kwa kazi gani. Wakaomba ruhusa, ikaja baada ya kuombwa tena na tena, na kikosi cha Spès kikavunja pengo katikati na kupanga mawe chini yake kama ngazi. Kivuli nacho kilitaka kukatwa. Kulikuwa na agizo la kufyeka miti yote ya kigeni kingoni, na Atupele akalia kwa wakubwa kwamba ifyekwe polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka miti ya asili iliyopandwa iwe na majani ya kutosha. Hapo Spès alimpenda. Aliipanda miche ile kwa mikono yake na kuichotea maji kwa ndoo wakati wa kiangazi.

Halafu siku moja, mwanzo wa mvua, aliwaona. Skeli watatu, wanne, wakajipinda chini ya pengo, wakaruka ngazi moja, ya pili, wakatereza, wakarudi tena kwa ubishi, wakapita. Spès alisimama kati ya mifuko ya takataka na akasahau kuziba pua. Kuna kitu humu ndani, aliwaza, kinakataa kuwa kama sisi.

Sasa nieleze habari za mchungaji, na sitampaka tope wala marashi. Pasteur Sébastien alikuwa na kanisa Pinetown, katika ghorofa juu ya karakana ya matairi. Aprili mwaka 2015, maduka ya wageni yalipovunjwa na watu wakakimbizana mitaani, Spès na Gracieuse walilala kanisani humo, wamebanana na familia nyingine sakafuni. Pasteur mwenyewe alitandika godoro mlangoni, bomba la chuma ubavuni, akalala hapo mpaka vurugu zikatulia. Chakula kilikuwa chai na mkate, na yeye alikula wa mwisho. Mtu aliyekulinda hivyo, huwezi kumwambia hapana kirahisi.

Gracieuse alikuwa na miaka kumi na tisa, na miaka minne mfululizo alikuwa amekataa kubatizwa. Alisema atabatizwa siku atakayotaka mwenyewe, wala si siku mama yake anapoona haya mbele ya wanawake wa kwaya. Spès aliomba, alibembeleza, alinuna, yote bure. Kumbe usiku ule wa Aprili, akimtazama mchungaji kalala mlangoni, msichana alikuwa ameamua, ila alikaa nalo moyoni. Oktoba akatamka kwamba mwezi wa Novemba ataingia majini. Spès alilia kwenye sinki la jikoni, bomba limefunguliwa ili asisikike.

Shida ilikuwa hayo maji yenyewe. Kanisa lao lilibatiza Palmiet tangu zamani, mahali penye uwazi karibu na kile kizuizi, kwa sababu bahari waliiogopa kwa mawimbi na bwawa la kuogelea waliliona ni mzaha. Lakini ule ulikuwa mwaka wa ukame. Mto ulikuwa umekonda, na pale pa kubatizia maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Ijumaa jioni, ubatizo ukiwa Jumapili, Pasteur alimwita Spès pembeni, pamoja na shemasi Zénon, fundi wa ile karakana ya chini.

"Mama Gracieuse, ubatizo ni kuzikwa," Pasteur alisema. "Mutu hawezi kuzikwa nusu."

Zénon alikuwa na tairi kuukuu chungu nzima na viroba vya mchanga. Alichotaka kujua ni mahali ambapo mto unajibana, ili auzibe hapo na maji yajae nyuma yake mpaka kifuani. Aliuliza kwa heshima kabisa. Wewe ndiye unafanya kazi mule, alisema, hakuna mwingine wa kutuonyesha fasi.

Spès alijua pa kujibana palikuwa mahali pamoja tu. Aliliona pengo lile akilini, na mawe ya ngazi, na Atupele akiwa amekwenda nyumbani Tukuyu kwa likizo. Pia alimwona Gracieuse amevaa nguo nyeupe. Aliuliza ukuta utabomolewa lini. Palepale, Pasteur akamwambia, kiisha amina ya mwisho, kabla mutu yeyote aende kula. Basi akawaongoza asubuhi yake, Jumamosi, na kidole chake mwenyewe kikaonyesha pengo.

Zénon na vijana wa kanisa walijenga vizuri, hilo lazima lisemwe. Tairi zilipangwa zikapandana, viroba vikasindiliwa katikati, turubai likafungwa kwa mbele. Maji yakaanza kujaa upande wa juu. Upande wa chini mto ukakatika kama bomba lililofungwa, na mawe ya ngazi yakabaki yanakauka, na ule utelezi wa kijani juu yake ukaanza kunuka. Spès alijipa moyo. Siku moja tu, siku moja na asubuhi. Alichosahau, na alikuwa na sababu zote za kukumbuka, ni kwamba Alhamisi usiku ilikuwa imenyesha.

Haikuwa mvua kubwa, manyunyu tu ya kulowesha vumbi, ya kwanza baada ya miezi. Lakini samaki hawapimi mvua kwa kipimo chetu. Maji yaliyoongezeka kidogo yaliwafikia huko chini, nao wakaanza safari. Jumamosi jua likawaka kama limetumwa. Jumapili asubuhi hata kivuli kilikuwa na joto.

Kanisa lilifika likiimba. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vya sare, wabatizwa mashuka meupe, ngoma mbili, masufuria ya wali nyuma ya gari la Zénon. Spès alisikia harufu kabla hajafika kingoni. Ilikuwa harufu ya matope yaliyochemka, na chini yake kitu kingine, kitamu kidogo, kama damu. Akaharakisha.

Chini ya ukuta, katika vidimbwi vilivyobaki, skeli walikuwa wamejazana wamelaliana. Walikuwa wengi kuliko aliowahi kuwaona katika miaka yote mitatu ya kazi yake mtoni. Midomo yao ilikuwa juu ya maji, inafunguka na kufungika. Mayai yaliwatoka ovyo, yakaganda juu ya tope pamoja na pampasi moja iliyochanika. Nzi walikwisha fika. Wengine walikuwa wamekufa na tumbo limegeuka juu, na waliokuwa hai waligonga ukuta wa tairi kwa vichwa, wakarudi, wakagonga tena.

Watoto ndio waliopiga kelele kwanza. Kisha mwanamke mmoja wa kwaya akatazama, akainua mikono, na akasema lile ambalo watu wa kanisa hili tu wangeliona pale: kwamba ni wavu wa Petro. Usiku kucha wanafunzi walivua wasipate kitu, na asubuhi Bwana akajaza samaki. Miezi yote ya njaa na hofu, na leo, siku ya ubatizo, mto unawaletea samaki miguuni wenyewe! Haleluya zikapanda. Masufuria yakamwagwa wali kwenye mifuko ili yapate nafasi, mabeseni yakaja, wanawake wakavua viatu na kuingia na sare zao.

Spès alisimama akiwatazama, na kinyaa kikampanda toka kwenye nyayo. Alikuwa amezoa kila namna ya uozo katika mto ule, lakini huu ulikuwa unaimba. Aliona kisigino kikisaga kichwa cha samaki ili asirukeruke. Aliona bibi mmoja akimpangusa skeli kwa ile pampasi, hakutazama ni nini. Vijana walishindana nani kapata mkubwa. Alijichukia mwenyewe zaidi ya wote, kwa sababu miongoni mwao hakuna mwingine aliyejua, na yeye alijua.

Pasteur alikuwa ameshaingia majini upande wa juu wa ukuta, maji kifuani, suti yake ya kijivu mwilini. Wawili walikwisha zamishwa na kuinuliwa. Gracieuse alikuwa wa tatu, kasimama mbele yake, maji yanamfika chini ya kifua, uso mtulivu. Spès alimwita mchungaji kutoka ukingoni.

"Pasteur, fungula ukuta."

"Kiisha ubatizo, mama. Nilikuahidi."

"Zinakufa sasa. Zinakosa pumzi."

Pasteur akamtazama bila hasira, kwa huruma hasa, na huruma hiyo ndiyo iliyomkata maini. "Mama Gracieuse," alisema, "mwezi wa ine tulikula mukate na chai pa sakafu. Leo Mungu anatupatia samaki. Wewe ni nani wa kumurudishia?"

Watu wakaitikia amina. Spès alimtazama binti yake. Miaka minne yeye mama ameisubiri siku hii, na sasa ilikuwa mbele yake, imebaki kuinamishwa na kuinuliwa tu. Angenyamaza, isingepita hata nusu saa. Lakini alisikia chini yake vile vichwa vikigonga mpira.

Akateremka. Hakuwa na gumbuti wala glovu, amevaa viatu vya ibada na gauni la kijani lililoshonwa kwa siku hiyo. Akakanyaga tope, akashika kiroba cha kwanza na kukivuta. Zénon akaruka kumzuia, akamshika kiuno, akimwambia mama, mama, usituaibishe. Spès akamwambia aondoe mikono yake kabla hajamtapikia. Zénon alimjua vizuri kiasi cha kuondoa mikono. Kiroba cha pili kikatoka, turubai likachanika, na tairi la juu likasukumwa na maji yenyewe, likabingirika katikati ya mabeseni.

Maji yakateremka kwa kishindo. Mabeseni mawili yakapinduka, wanawake wakakimbilia ukingoni wakimlaani, na wale skeli waliobaki na uhai wakageuka kwa pamoja kuelekea kule maji yanakotoka. Baadhi walipanda. Hawakuwa wengi, na hakuna sababu ya kudanganya. Walipita pengoni, wakapita kati ya miguu ya watu wenye mashuka meupe, wakaenda zao kwenye kivuli. Waliobaki walikuwa wamekwisha kufa, na mkondo ukawazungusha tu.

Huku juu dimbwi likashuka, kutoka kifuani hadi kiunoni, hadi magotini. Ngoma zilinyamaza. Gracieuse akabaki amesimama, shuka limemgandama mwilini, maji yamemfika chini ya magoti, na kila mtu akimtazama mama yake. Mwanamke wa kwaya akasema kwa sauti kwamba huyu Mama Dégoût amemwaga ubatizo wa mtoto wake mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutamkwa mbele yake.

"Pasteur," Gracieuse akasema, "nitalala."

Pasteur hakumwelewa. Msichana hakumngojea aelewe. Akakaa chini kwenye changarawe, akajinyoosha chali, kichwa upande wa juu, na maji yakamfunika uso, kifua, vidole vya miguu, yote. Nywele zake zilienda na mkondo. Pasteur alisita, akitazama suti yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kisha akapiga magoti katika lile tope, akamwekea mkono kifuani, na akayasema majina yote matatu ya Baba na Mwana na Roho bila kuruka hata moja. Alipomwinua, msichana alikuwa anakohoa na kucheka. Wengine waliobaki kwenye mstari wakatazamana, wakalala mmoja mmoja.

Hapo ingekuwa vyema mambo yangekwisha. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na karamu ilikuwa imeshapangwa. Wale samaki waliokwisha zolewa hawakurudishwa. Walipelekwa Pinetown, wakatolewa magamba, wakakaangwa kwa nyanya na pilipili, na harufu yao ikajaa ghorofa nzima mpaka ikashuka kwenye karakana. Spès alikaa mwisho wa benchi na gauni lake la matope. Hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa Gracieuse.

Kwa watu wa kule ziwani, kichwa cha samaki hakigawiwi ovyo. Ni cha baba mwenye nyumba, na pasipo baba ni cha yule anayeheshimiwa siku hiyo. Pasteur alikipakua mwenyewe. Alichagua kikubwa, akakiweka juu ya wali mweupe, akapita nacho katikati ya ukumbi, na akakiweka mbele ya Spès. Kilikuwa kichwa cha skeli, mdomo wazi vilevile, jicho jeupe. Kwenye paji kulikuwa na alama pana ya kusagwa, nyeusi, ambayo mafuta hayakuificha.

Spès alielewa. Akila, yamekwisha, na kesho ana kanisa, na ana mlango ambao mtu atalala mbele yake siku mambo yakiharibika tena. Akikataa, atakuwa amekataa watu pekee alio nao Durban. Na alijua kilichomo ndani ya nyama ile kuliko yeyote pale ukumbini, maana alikizoa kwa mikono yake, Jumatatu hadi Ijumaa. Gracieuse alimgusa goti chini ya meza na kutikisa kichwa: usile.

Spès hakunusa. Hakuomba kijiko akisuuze. Alikishika kichwa kwa mikono miwili, akakipasua kwenye taya, akatoa ulimi, shavu, akanyonya jicho la kwanza, halafu la pili. Alikula kama mtu anayemeza dawa aliyojiandikia mwenyewe. Pasteur alikuwa bado amesimama hapo, na sasa alitabasamu, amefurahi kweli, akamuuliza kama ni tamu.

"Iko na ladha yetu, Pasteur," Spès akasema.

Kisha akaendelea, mfupa kwa mfupa, mpaka sahani ikabaki na meno tu.